Mbegu za Mapera Katika Kikopo cha Bibi Minza

Siku ya kuniaga kazini walinisifu kwa uvumilivu. Msemaji alilirudia neno hilo mara nyingi, na kila mara alinitazama kama mtu anayempongeza mgonjwa kwa kunyamaza wakati wa sindano. Wakanipa saa ya ukutani na doti ya kitenge, tukala wali kwa nyama ya ng'ombe, nikarudi kwangu Itetemia nimekasirika hata chai ya jioni haikunishuka. Uvumilivu ndio kosa langu kubwa kuliko yote niliyoyafanya kazini, na wenzangu wameuandikia hotuba.

Ningelinyamazia hilo kama nilivyoyanyamazia mengine. Lakini wiki moja baadaye alikuja nyumbani Neema, mtafiti kijana niliyefanya naye kazi miaka yangu ya mwisho, ameshika rasimu ya mwongozo wa utafiti mpya wa vidonda vya tumbo. Alitaka niupitie kabla ya kikao. Katika ukurasa wa tisa nilikuta sentensi moja ninayoijua kwa moyo. Hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nawaandikia ninyi mliobaki maabara, na ninyi mnaokwenda vijijini na maboksi ya barafu, mjue sentensi hiyo ilitoka wapi na ilifanya nini. Nitaanzia mbali kidogo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini mimi, kuliko mtu mwingine yeyote, nilipaswa kujua.

Nilianza kazi katika maabara moja ya mjini Tabora, upande wa Kitete, msichana aliyetoka chuoni na koti jeupe lililompwaya. Nilidhani nitapewa hadubini. Nilipewa ndoo iliyojaa makasha ya kiberiti. Enzi hizo vikopo vyenye mifuniko vilikuwa adimu, na watu walileta choo chao ndani ya kasha la kiberiti lililofungwa kwa uzi, na aliyekuwa na heshima zaidi alilizungushia jani la mgomba. Mwenye chumba kile alikuwa Mzee Mihayo, fundi wa maabara, Mmoraviani aliyeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku jicho moja likiwa kwenye hadubini. Hakuniuliza jina. Alinisogezea kasha la kwanza.

"Fungua. Niambie unaona nini."

"Bado sijaweka kwenye kioo, mzee."

"Nani kakuuliza habari za kioo? Una macho mawili, yatumie kwanza. Rangi gani? Kigumu au kilaini? Kuna utelezi? Kuna nini ambacho hakikusagika? Mtu huyu jana alikula nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kugusa hadubini kabla sijaandika kwenye daftari kile nilichokiona kwa macho. Kahawia, kigumu, maganda ya kunde. Njano, majimaji, utelezi, hakuna damu. Nilifika mahali nikajua nani mjini Tabora anatafuna na nani anameza tu. Watoto wa mtaani kwetu wakaniita Mama Kiberiti. Mama yangu mzazi, akiulizwa na wenzake wa kanisani binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko "upande wa dawa", kisha akabadili mazungumzo.

Siku moja tajiri mmoja wa sokoni alimtuma mtumishi wake na kasha. Mzee Mihayo akamhoji yule mtumishi: limejazwa saa ngapi, nani kalijaza, wewe uliona? Mtumishi akasema hajui, amepewa tu getini. Mzee Mihayo akamrudishia.

"Mwambie bosi wako aje mwenyewe."

"Mzee, yule ni mtu mkubwa."

"Mkubwa wa wapi? Choo kina mwenyewe. Nisipomjua mwenyewe, hapa nimepima uchafu tu."

Hayo mawili, jicho kwanza na choo kina mwenyewe, ndiyo elimu niliyoipata Tabora. Mengine yote niliyosomea baadaye yana vyeti, na vyeti vyenyewe viko sandukuni.

Miaka iliyofuata nilijifunza hasira. Kila tumbo linalouma katika mkoa huu linaitwa taifodi. Mtu anakuja na maumivu ya moto chini ya kifua, anayo tangu mwanawe wa kwanza hajaanza shule, anapimwa kwa kile kipimo cha tone la damu ambacho kinaweza kuonyesha taifodi hata kwa asiye nayo, anapewa vidonge, anapata nafuu ya siku chache, anarudi. Nimekutana na wakulima waliotibiwa taifodi mara nyingi kuliko walivyowahi kupanda treni. Chini yake kidonda kinaendelea kuchimba. Na juu ya kidonda anamiminia vidonge vya maumivu ya magoti, vinavyochoma tumbo, alivyouziwa dukani, asubuhi, tumbo tupu, kwa sababu jembe halisubiri goti lipone. Niliwaeleza wauza dawa, nikawaeleza matabibu wa zahanati. Walinisikiliza vizuri sana. Kisha wakaendelea.

Kwa sababu hiyo niliingia katika utafiti wa tumbo. Mzee Mihayo alistaafu, akafariki kabla ya mradi ninaotaka kuusimulia. Nashukuru kwa hilo peke yake. Angeniuliza swali moja tu: mwenyewe yuko wapi?

Mradi ulikuwa wa vidonda vya tumbo vijijini, upande wa Igunga. Tungepima choo, kutafuta bakteria wanaosababisha vidonda na damu isiyoonekana kwa macho. Aliyeuongoza nitamwita Mkuu tu. Ana watoto, na watoto hawana kosa. Alikuwa mtu mwenye akili na mpangilio, asiyependa vumbi. Alinikabidhi sehemu ya mwongozo inayohusu kukusanya sampuli.

"Andika kitu kifupi," alisema. "Kisitumalizie siku wala mafuta."

Nikaandika: *Mkuu wa kaya atapewa jioni vikopo vya watu wote wa nyumba yake, na asubuhi atavikusanya na kuvileta kituoni.*

Sentensi hiyo ni yangu. Niliiandika mezani, feni ikizunguka, mimi Mnyamwezi wa Itetemia niliyelelewa katika nyumba ambayo baba yangu hakuwahi kukalia mkeka mmoja na bibi mzaa mama, wala kula mbele yake, na akimwona anakuja njiani alikwenda kando hadi apite. Yote hayo nilikuwa nayajua tangu utoto. Nilipoketi kuandika mwongozo niliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Mkuu alisoma, akasema ni safi sana.

Kijiji chenyewe kiko ndani kidogo ya barabara kuu ya mabasi na malori, katikati ya majaruba ya mpunga. Siku ya kwanza tulipita nyumba kwa nyumba na madodoso. Ndipo nilipomkuta Bibi Minza, mjane wa Kisukuma, mrefu, amekonda hadi mifupa ya mabega inanyanyua kanga. Alikuwa na binti mmoja tu, Kabula, na mume wa Kabula alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Uyui aliyekubali kuhamia ukweni ili majaruba yasikose mtu wa kuyalima. Kwa hiyo kwenye fomu, mkuu wa kaya ni Maganga.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia Bibi Minza.

"Marahaba. Ninyi ndio mnaotafuta mavi?"

"Ndio sisi, mama."

"Mjini yamewaishia?"

Kabula aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilicheka hadi nikaangusha kalamu. Lakini alipoanza kujibu maswali, kicheko kiliniisha. Chakula kinamchoma. Tangu mavuno anaishi kwa uji wa mtama peke yake, kingine chochote kinarudi. Magoti yanamsumbua, anakunywa vidonge vya dukani. Nikamuuliza choo chake kina rangi gani.

"Cheusi. Umeiona lami ya barabara ya mabasi, ile mpya? Vile vile. Kinang'aa."

Choo cha namna hiyo ni damu iliyotoka juu, tumboni, ikapikwa njiani. Nilijaza kisanduku cha dodoso, na kwenye daftari langu nikachora nyota pembeni ya jina lake. Jioni tukagawa vikopo kwa wakuu wa kaya. Nikawasisitizia, mara mbili, kwamba kikopo kisirudi kitupu.

Asubuhi wanaume walipanga mstari kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Maganga alikuja na vikopo vitatu, maana mtoto wao anayenyonya hakuhusika. Mtu mmoja nyuma yake, Msukuma, mtani wake, akapaza sauti:

"Tazameni! Mnyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani! Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, yeye kabeba kikopo cha mkwewe!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Maganga alitazama vidole vya miguu yake. Nilifungua vikopo. Cha Kabula kilikuwa kilaini, cha njano. Cha Maganga kilikuwa cha kahawia, kigumu, kimejaa mbegu za mapera. Cha Bibi Minza kilikuwa cha kahawia, kigumu, kimejaa mbegu za mapera.

Mwanamke anayeishi kwa uji wa mtama. Mwenye choo cha lami.

"Maganga," niliuliza, na niliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "hiki kweli ni cha mama?"

"Ndiyo, ni cha mama."

Nikakipokea.

Mchana nilimwendea Mkuu kwenye gari. Nilimweleza habari ya uji, ya lami, ya mapera. Alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Dodoso lina jibu lake," alisema, "na maabara itakuwa na jibu lake. Kazi yetu ni kuyaandika yote mawili."

"Na mbegu za mapera?"

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya mapera."

"Hicho kikopo si chake, Mkuu. Nipe gari saa moja, nimfuate nyumbani."

"Tukirudi kwa mmoja tutarudi kwa wote. Mwongozo uliuandika wewe mwenyewe, mama. Tuufuate."

Niliufuata. Tulirudi Tabora, vikopo vikapimwa, na majibu yakapelekwa kijijini kwenye bahasha kupitia kwa mtendaji. La Bibi Minza lilisema: hasi, hakuna damu. Niliandika kuomba ruhusa ya kurudi. Barua ikakaa kwenye meza moja, ikahamia nyingine. Kila asubuhi niliiulizia, na kila asubuhi niliambiwa inasubiri saini. Hapo ndipo nilipokuwa mvumilivu. Wiki tatu. Kama kuna kitu cha kusifiwa kwenye hotuba, ni hizo wiki tatu, maana damu ya mtu ilikuwa inavuja huku mimi nikisema asante, nitapita tena kesho.

Mwishowe nilichukua likizo na kupanda basi la kupitia Nzega. Nilifika saa sita mchana. Bibi Minza alikuwa amelala juu ya mkeka nyuma ya nyumba, midomo haina rangi, viganja vyeupe kama unga. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wewe mwenyewe umeandika kwamba mimi ni mzima," alisema. "Basi huu ni nini? Uvivu?"

Kabula alikuwa amesimama na mtoto titini. "Nilishapanga kumpeleka hospitali," aliniambia. "Karatasi ilipokuja akakataa. Akasema ameshapimwa na wataalamu, asiniharibie msimu."

Naomba msome tena maneno hayo ya Kabula. Hatukumwacha Bibi Minza kama tulivyomkuta. Kabla hatujafika alikuwa na safari ya hospitali. Tulipoondoka hakuwa nayo.

Maganga aliitwa kutoka jarubani. Alisimama mbali, ng'ambo ya ua, matope hadi magotini, kwa sababu mkwewe alikuwa amelala pale. Nikamfuata hadi nyuma ya zizi.

"Kile kikopo kilikuwa cha nani?"

Alikwangua tope la mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine.

"Mama, wewe ni mtu wa Tabora," alisema. "Baba yako alikuwa na mkwe?"

"Alikuwa naye."

"Alimbebea?"

Nilifunga daftari langu.

"Kabula alikileta kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka chini. Mkono ulikataa, mama. Kabula alipoondoka nikakimwaga kwa kijiti, asijue. Na wewe ulikuwa umesema kisirudi kitupu. Ukarudia. Nikakijaza mimi."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi ile?"

"Mbele ya watani wale? Ungeniita pembeni ningekwambia. Lakini ulinipigia kelele kama mnada wa ng'ombe."

Alikuwa na haki kwa kila neno. Na kilichonichoma zaidi ni hiki: Kabula angeweza kukileta. Ni mama yake mzazi, na hakuna mila inayomkataza binti. Alikuwa ameshakishika mkononi. Aliyemzuia ni mimi, kwa sentensi moja safi sana.

Tulimtoa Bibi Minza kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu, na huko dereva wa lori la mpunga akakubali kutupakia. Hospitali walimtazama macho mara moja tu, wakasema anahitaji damu sasa hivi. Kabula alikuwa ananyonyesha, wakamkataa. Mimi presha ilinikatalia. Maganga alikuwa amebaki nje ya geti, kwa sababu mkwewe alikuwa wodini. Nikamfuata.

"Wanataka damu."

Alianza kukunja mkono wa shati akiwa bado anatembea. "Hii hakuna aliyenikataza," alisema.

Damu yake ilipatana na ya mkwewe. Siku ya tatu Bibi Minza alikuwa ameketi kitandani, amerudiwa na rangi, na ulimi umerudi kabla ya rangi.

"Nasikia nimewekewa damu ya Kinyamwezi," aliniambia.

"Ndiyo, mama."

"Nimekwisha. Nikitoka hapa nitaanza kubebea watu mizigo."

Kisha akaingiza mkono chini ya shuka na kunipa kikopo, mkononi, yeye mwenyewe. "Shika. Hiki hakina mapera." Nilikipima. Bakteria walikuwepo na damu ilikuwepo. Alipewa dawa, vidonge vya magoti vikaachwa, na akapona.

Ningeishia hapa ningekuwa nimewaandikia hadithi njema, na mngeniletea saa nyingine ya ukutani. Lakini kama Maganga alijaza kikopo cha mkwewe, wangapi wengine walijaza? Niliporudi ofisini nilipekua madodoso yote, nikatafuta kila nyumba ambayo mama mkwe au baba mkwe anaishi chini ya mkuu wa kaya. Hazikuwa nyingi. Nikampelekea Mkuu orodha na kuomba tukusanye upya. Akasema taarifa imeshaanza kuandikwa. Nikatumia siku zilizobaki za likizo na bodaboda ya kukodi.

Nyumba ya kwanza mkwe alikuwa amekwenda mwenyewe kituoni bila kujali mwongozo. Mungu ambariki, alikuwa mkaidi. Nyumba ya pili ilikuwa ya mjane kijana anayeishi na baba wa marehemu mumewe. Aliniambia bila kuficha: "Cha baba mkwe nilimjazisha mwanangu." Yule mzee alikuwa mzima, tukapima upya. Nyumba ya tatu nilikuta kaburi kando ya zizi, udongo wake haujakaa sawa.

Alikuwa baba mkwe wa mwenye nyumba. Mke wa mwenye nyumba, binti wa marehemu, alinieleza kwamba mzee alitapika damu asubuhi moja, na jua halijachwa akawa amefariki. Hakunifokea. Aliingia ndani, akatoka na karatasi yetu iliyokuwa imechomekwa kati ya bati na boriti ili isilowe. Walikuwa wameitunza.

"Hapa mliandika mzima," alisema. "Au sisi hatukujua kusoma?"

Nilimwambia wamesoma vizuri. Nikamwambia karatasi ndiyo iliyokosea, na aliyeikosesha ni mimi. Akanikaribisha uji. Nikaunywa, kwa sababu kuukataa kungekuwa tusi la pili.

Tabora nilimwekea Mkuu maelezo yote mezani: majina, nyumba, kaburi. Alisoma hadi mwisho, na kwa haki yake niseme kwamba ukurasa wa kaburi aliusoma mara mbili.

"Ukibadili kaya hizi," alisema, "watauliza kuhusu zote."

"Waulize."

"Mradi utakufa."

"Mkuu, kuna mtu ameshakufa."

"Nenda kapumzike, mama. Umechoka."

Niliiandikia kamati ya maadili. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Taarifa ikachapishwa kwa karatasi nzuri, na ndani yake Bibi Minza hana ugonjwa wowote, na mzee wa kando ya zizi naye hana. Kisha, kwa kuwa taarifa ilipendwa, mwongozo wake ukaazimwa na mradi uliofuata, na uliofuata huo, kila mara kwa kunakili tu. Mimi katika kazi zangu nilikwenda nyumba kwa nyumba na nilipokea kila kikopo kutoka kwa mwenyewe. Nilifikiri hiyo inatosha. Miaka yote hiyo sikusimama kwenye kikao hata kimoja kusema: ile sentensi imeua, itoeni. Nilifanya kazi yangu vizuri na nikanyamaza. Huo ndio uvumilivu mliousifu.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini ukurasa wa tisa wa Neema ulinikosesha usingizi. Ni ile ile, neno kwa neno, hata koma iko pale nilipoiweka. Walichoongeza sasa ni kishikwambi: mkuu wa kaya atavileta vikopo, na karani ataviandikisha kwenye kishikwambi. Makosa yangu yamepata umeme.

Nilimpigia simu Bibi Minza. Yupo, ni mzee sana, na bado anatukana vizuri.

"Nimestaafu, mama."

"Hongera. Na ile karatasi yangu umeirekebisha?"

"Bado."

"Sasa umestaafu nini?"

Siku mbili baadaye kondakta wa basi alinikabidhi bahasha kutoka kwa Maganga. Ndani yake ilikuwa karatasi ile, mikunjo minne imeanza kuchanika, neno "hasi" linasomeka bila shida.

Sentensi nimeikata kwa wino mwekundu. Chini yake nimeandika: *Kila mtu atakabidhi kikopo chake mwenyewe, pembeni, si mbele ya watu. Asiyeweza kutembea atafuatwa nyumbani. Mpokeaji ataandika alichokiona kwa macho kabla ya kupima, na kisipolingana na maelezo ya mwenyewe, atarudi kwake siku hiyo hiyo.*

Neema alisoma, akauma kalamu. "Mama, watasema hii inaongeza siku za kazi."

"Watasema."

"Wakiniuliza sababu?"

Nikampa karatasi ya Bibi Minza.

Kikao ni Jumatatu, na wengi wenu mtakuwepo. Neema ataiweka hiyo karatasi mezani kabla ya chai. Ishikeni kila mmoja kwa mkono wake, msiisome kwa kupitisha macho. Na akitokea mtu wa kusema tuvumilie kidogo, tutarekebisha kwenye utafiti ujao, mwambieni kwamba njia ya basi hadi kwenye lile kaburi kando ya zizi nimemchorea Neema nyuma ya ukurasa wa tisa, na binti wa marehemu atamkaribisha uji.